Naomba ushauri: Messerschmitt KR200 inagoma kwenda rivasi

Wakuu, shikamooni. Gari lipo Tanga, karibu na Raskazone, na chumvi ya bahari imekula sana viunganishi vya nyaya.

Kwa wasioijua: hii ni ya magurudumu matatu, ya Ujerumani, 1955 hadi 1964, injini ya Sachs ya silinda moja, ujazo wa cc 191, inayochanganya oili na petroli. Giaboksi haina gia ya rivasi. Unazima injini, unasukuma ufunguo ndani zaidi, kisha unaiwasha izunguke kinyume. Kwa hiyo ina seti mbili za platini (vile viunganishi vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche), moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma.

Kwenda mbele inawaka vizuri kabisa. Kwenye rivasi stata inazungusha, lakini injini inamisi, inapiga risasi kwenye kabureta na kuzima. Mchanganyiko ni 1:25, yaani mililita 200 za oili kwa lita 5. Betri mbili za volti 6 zimeungwa mfululizo, zina chaji. Platini zote zimesafishwa na kuachwa milimita 0.4.

Kabureta na sili za krenki siwezi kuzilaumu, zingesumbua pande zote. Mashaka yangu ni swichi ya ufunguo: ikiwa haihamishi umeme kwenda platini za pili, cheche inakuja wakati usio wake.

Je, nipime swichi kwa taa ya majaribio kwanza, au nianze na taiming ya platini za nyuma? Na aliyewahi kufungua swichi hiyo, viunganishi vyake vinasafishika bila kuvunja plastiki?