Mrejesho: Ufadhili wa kumlinda kipunji, Rungwe

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Mwezi Machi niliwauliza jinsi kikundi chetu cha kijiji, chini ya Mlima Rungwe, kitakavyopata fedha za kumlinda kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na anayepatikana Tanzania pekee. Tulifuata ushauri wa kusajili kikundi halmashauri na kuomba pamoja na chuo kikuu badala ya kuomba peke yetu. Mfadhili mkubwa alitukataa kwa kuwa hatukuwa na hesabu zilizokaguliwa, jambo lililoniuma sana. Lakini mfadhili mdogo, kupitia chuo hicho, ametupatia fedha za kitalu cha miti ya msitu anamoishi kipunji, na juzi miche ya miti hiyo ya asili imechomoza kwenye viriba, majani mawili mawili. Posho za walinzi wa doria bado hatujazipata.