Mrushaji wa besiboli: miezi minne ya vyuma, kasi iko palepale na kiwiko kinauma

MkonoWaKushoto
Wakuu habari zenu. Nina miaka 17, narusha mpira timu ya vijana. Miezi minne hii nimekomaa jim, benchi presi, mabega na baiseps siku tano kwa wiki, kifua kimetoka kweli lakini kasi ya mpira haijapanda hata kidogo, tena wiki mbili hizi nikimaliza mechi kiwiko kinauma upande wa ndani, kesho yake hata kupiga mswaki ni shida. Kocha anasema nikimbie kilomita tano kila siku nipate pumzi. Mshikaji wangu naye ananiambia nirushe mipira mizito ya mazoezi ndo kasi itapanda. Nifanye tizi gani? Naombeni msaada.

Dedlifti_Alfajiri
Dogo, kasi inaanzia miguuni. Mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149 tu, haudai kifua, unadai mwili mzima uachie nguvu kwa mpigo mmoja: mguu wa nyuma unasukuma, wa mbele unatua na kukaza kama nguzo, nyonga zinageuka mabega yakiwa bado nyuma, halafu mkono unakuja mwisho kabisa kama ncha ya mjeledi. Goti la mbele likilegea ukitua, nguvu yote inapotelea hapo na mkono unabaki kubeba mzigo peke yake. Weka simu pembeni ujirekodi, angalia hilo goti kabla ya kitu kingine chochote.

Jim siku tatu zinakutosha. Dedlifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), skwati ya mguu mmoja huku wa nyuma uko juu ya benchi, seti tatu au nne za marudio matano hivi, na mazoezi ya kuvuta yawe mengi kuliko ya kusukuma. Benchi presi weka kando, piga pushapu, maana ukilala kwenye benchi mfupa wa bapa la bega unabanwa na kwenye pushapu unatembea, na mrushaji anauhitaji utembee. Kisha chukua mpira mzito wa kilo 2 hadi 4, simama ubavu kwa ukuta uubamize kwa nyonga, mara tano tu lakini kila moja kwa nguvu zako zote, pumzika hadi pumzi irudi ndo urudie.

Kilomita tano kila siku hapana. Kurusha ni tukio la sekunde moja mbili, na kutoka besi moja hadi nyingine, yaani vile vituo unavyokimbilia uwanjani, ni mita 27 na ushee. Kimbia mita 10 hadi 30 kwa kasi yote na upumzike vya kutosha katikati.

Fizio_wa_Timu
Nakubaliana na kaka hapo juu kuhusu miguu ila naongeza breki. Bega la mrushaji linazunguka kwa kasi ya zaidi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde, na kinachousimamisha mkono baada ya mpira kutoka ni misuli midogo ya nyuma ya bega pamoja na mgongo wa juu. Wewe miezi minne umejenga injini ya mbele tu, breki hujazigusa. Raba za kuvuta, kuzungusha bega kwenda nje taratibu, kulala kifudifudi na kuinua mikono kwa umbo la Y, vitu vyepesi lakini vya kila wiki. Mipira mizito ya kurusha usiiguse kabisa kiwiko kikiwa kinauma. Hata pushapu na kuvuta subiri daktari akuangalie, miguu endelea.

Zamani_Mrushaji
Mdogo wangu nakusihi, maumivu ya ndani ya kiwiko usiyafanyie mchezo. Mimi nilikuwa na miaka 19, nikawa nabandika barafu na kuendelea, hadi siku moja nikasikia paa! na vidole vikafa ganzi palepale. Kano ilikatika. Nikafanyiwa ile operesheni ya Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, ambayo daktari Frank Jobe aliifanya mara ya kwanza 1974, wakanitoa kano kwenye kigasha wakaipachika kiwikoni, ilinichukua miezi 16 kurudi kurusha na sikurudi yule yule.

Unarusha mipira mingapi kwa wiki? Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani unasema umri wako isizidi 105 kwa siku, na ukifikisha 81 kwenda juu unapumzika siku nne. Na kila mwaka miezi miwili mitatu mfululizo usirushe kabisa. Unadaka pia? Maana hiyo nayo inaongeza mirusho.

MkonoWaKushoto
Nimekaa nikahesabu kwa kweli nimeogopa. Jumamosi 90 kwenye mechi, Jumanne tena kama 60 mazoezini kwa nguvu zote, na Jumapili huwa nacheza eneo la nyuma kabisa la uwanja, narusha mpira kutoka mbali kurudi besi ya nyumbani. Sidaki. Video nayo nimeiangalia, goti la mbele linaendelea kukunjika hadi mpira umeshatoka. Leo nimemwambia kocha sirushi, hakufurahi ila amekubali, daktari Alhamisi. Kesho naanza miguu. Hiyo skwati ya mguu mmoja nianze na uzito gani?

Dedlifti_Alfajiri
Wiki mbili za mwanzo mwili wako tu, marudio nane kila mguu, shuka ukihesabu hadi tatu. Goti lisiingie ndani. Ukiona linatetemeka bado hujawa tayari kwa chuma.