Mjadala: Kwa nini mteja wa nyumbani anyimwe poti 25 hata akiomba?

Wakuu, naleta hoja hii kutoka Uyole, Mbeya, maana kila nikimwomba mtoa huduma wangu wa intaneti anifungulie poti 25, mlango wa mtandao ambao seva za barua pepe hupitishia barua, nimechoka kujibiwa "kwa mteja wa nyumbani haiwezekani".

Nina laptopu kuukuu, ramu GB 4, kioo kilishapasuka. Ipo juu ya kabati sebuleni na ndani yake kuna Debian (mfumo endeshi), Postfix na Dovecot (programu za seva ya barua pepe). Barua pepe za familia yetu zinakaa humo, kwa domeni yetu wenyewe ya .co.tz. Baridi ya huku inaipenda. Feni haisikiki mara kwa mara. Umeme ukikatika betri inaivusha kidogo, na hata ikizimika barua haipotei: seva inayotuma huitunza na kurudia kujaribu, kwa kawaida siku 4 hadi 5. Ninachoogopa ni radi. Ngurumo zikianza nachomoa waya wa umeme na wa ruta, watoto nao wanajua.

Kwa hiyo kinachonikwamisha si uzee wa mashine. Seva za barua duniani kote hupokezana barua kwa poti 25, na mtoa huduma wangu ameifunga. Tena anwani ya IP, namba inayotutambulisha mtandaoni, tunachangia wateja wengi, basi hakuna barua inayoweza kufika kwangu moja kwa moja. Nimepiga simu, nimeandika barua, jibu ni lile lile. Sasa hivi nakodi seva ndogo Ujerumani ipokee, kisha barua zishuke hadi Uyole kwa WireGuard, njia ya siri inayounganisha mashine mbili mtandaoni. Kila mwezi nalipa fedha za kigeni kwa kazi ambayo waya uliopo ukutani kwangu ungeifanya.

Shemeji yangu anafunga faiba Iringa, naye hakubaliani nami. "Shemeji, ukiwafungulia watu wote, kompyuta moja yenye virusi Mwanjelwa itamwaga spamu usiku kucha, anwani zetu ziingie orodha ya Spamhaus ya wamwaga spamu, tuumie wote." Hapo kasema kweli kabisa. Ndiyo maana siombi ifunguliwe kwa wote. Ibaki imefungwa, ila anayeomba kwa maandishi na kitambulisho chake afunguliwe, auziwe anwani ya kudumu, na akimwaga spamu afungiwe siku hiyo hiyo.

Na aandikiwe rekodi ya PTR, inayoonyesha anwani ya IP ni ya jina gani. Hili naomba mlitazame vizuri. SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwangu, naziweka mwenyewe kwenye domeni yangu. PTR siwezi, kwa sababu anwani ni ya mtoa huduma. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma barua kwenda Gmail awe nayo. Hata uwe makini vipi, bila mkono wa mtoa huduma barua yako itakataliwa au itaishia kwenye spamu.

Mtasema, si utumie za bure kama wenzako? Mdogo wangu alifungiwa akaunti na kampuni moja ya hizo za bure. Mawasiliano yote ya wanunuzi wa parachichi zake za Rungwe yalikuwa humo. Alijaza fomu wiki tatu, hakujibiwa na binadamu hata mmoja.

Mliopo kwa watoa huduma, semeni kwa uwazi kinachozuia ni nini: usalama, au kifurushi cha biashara? Na kama kuna aliyefunguliwa akiwa nyumbani, Mbeya, Iringa au Njombe, atuambie aliombaje na analipa shilingi ngapi.