Acheni kuwavisha magwiji wetu kilemba cha ukoka! (Uzi maalumu kwa wanaotaka Cabrera apewe Tigers)

Wakuu, salaam kwenu wote, ingawa leo sijaja kwa amani.

Kuna wadau humu, Detroit Tigers, timu yetu ya besiboli ya Marekani, wakifungwa mechi tatu mfululizo tu, wimbo ni uleule: meneja Hinch aondoke, gwiji wetu mstaafu Miguel Cabrera apewe timu. Ukiwauliza kwa nini, majibu yao nayajua kwa moyo. Ana damu ya klabu. Wachezaji watamheshimu. Anaujua mpira. Basi. Hakuna hata mmoja anayekwambia Cabrera amesimamia timu gani, wapi, kwa muda gani. Kama kuna timu aliyoiongoza msimu mzima, iwekeni hapa tuione.

Na msije mkanigeuzia maneno. Mimi Cabrera nampenda kuliko wengi wenu mnaopiga kelele. Homurani 511 (mipira aliyoipiga mpaka nje ya uwanja), mapigo 3,174, Triple Crown (kuongoza ligi kwa wastani wa kupiga, homurani na pointi alizoingiza) ya mwaka 2012 ambayo ligi nzima haikuwa imeiona tangu 1967. Ndiyo maana sitaki apewe timu. Huyu hatukumpata ili aje kuzomewa kila timu ikifungwa.

Wengi wenu hamkuwepo enzi za Alan Trammell, au mlikuwepo na mmeamua kusahau. Ngoja niwakumbushe, maana inauma.

Trammell alichezea Detroit miaka 20, kuanzia 1977 hadi 1996. Timu moja, jezi moja. Yeye na Lou Whitaker walilinda katikati ya uwanja bega kwa bega mpaka watu wakawa wanawataja kama jina moja. Mwaka 1984 Tigers walipotwaa World Series, fainali ya ubingwa, dhidi ya San Diego, mchezaji bora wa fainali zile alikuwa yeye. Ukitaja mji wa Detroit na besiboli katika sentensi moja, unamzungumzia Trammell.

Oktoba 2002 wakampa umeneja. (Kwa wale wa soka: kwenye besiboli meneja ndiye kocha mkuu, na msimu wa kawaida una mechi 162. Siyo 38.) Alikuwa ameshawahi kuongoza timu? Hapana. Alikuwa kocha msaidizi tu, Detroit kwa muda, kisha San Diego. Pembeni yake wakamwekea Kirk Gibson na Lance Parrish, mashujaa wenzake wa 1984. Mashabiki tukalia kwa furaha. Tukadhani tumerudishiwa 1984.

Sasa angalieni walichomkabidhi. Timu iliyokuwa haijamaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1993. Timu ambayo msimu wa 2002 ilianza kwa kufungwa mechi sita za kwanza, meneja Phil Garner na mkurugenzi wa usajili Randy Smith wakafukuzwa siku moja, na mwisho wa mwaka ikawa na vipigo 106. Hakukuwa na warushaji, hakukuwa na wapigaji, kulikuwa na uwanja mpya wa Comerica uliofunguliwa 2000 na viti vyake vikisubiri watu.

Msimu wa 2003 ukaanza kwa vipigo tisa mfululizo. Mike Maroth, mrushaji, alipoteza mechi 21 (kila kipigo huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja), jambo ambalo halikuwa limetokea ligi kuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Jeremy Bonderman alikuwa kijana wa miaka 20, alirushwa kutoka daraja A la ligi za chini moja kwa moja mpaka kwenye kikosi cha kwanza, akapoteza 19. Septemba nzima habari ilikuwa moja tu: je, Tigers watavunja rekodi ya aibu ya Mets wa 1962, vipigo 120? Wakaponea chupuchupu kwa kushinda mechi tano kati ya sita za mwisho. Ushindi 43, vipigo 119. Vipigo vingi kuliko vyote kwa msimu mmoja katika historia ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), na rekodi hiyo ilikaa hapo mpaka White Sox walipoiondoa mwaka 2024 kwa vipigo 121.

Kosa la nani? Siyo lake, kwa sehemu kubwa. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Fikirini kidogo. Ungekuwa wewe ni mwenye timu, unajua miaka miwili au mitatu ijayo utachapwa, unataka nani asimame mbele ya kamera? Meneja mgeni, watu watamrarua kufikia Juni, na wakimaliza kumrarua watakugeukia wewe. Lakini nani atamzomea Trammell? Nani ana ubavu wa kumtukana mtu aliyempa furaha akiwa mtoto wa shule? Watu watakuja uwanjani wamwone, watavumilia, watasema apewe muda. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi naliita hilo kumfanya gwiji bangusilo, na sijali uongozi ulikuwa na nia gani moyoni. Matokeo yake ndiyo hayo.

Mwaka 2004 ukawa 72–90, mwaka 2005 ukawa 71–91, akafukuzwa. Ushindi 186, vipigo 300. Huo ndio ukurasa alioongezewa kwenye wasifu wake na watu waliosema wanamheshimu.

Akaja Jim Leyland. Huyu kama mchezaji hakufika ligi kuu hata siku moja, alikuwa mdakaji wa ligi za chini, tena za Tigers hawahawa. Msimu wake wa kwanza, 2006, ushindi 95, bingwa wa American League, akafungwa World Series na Cardinals nne kwa moja. Na msiniambie Leyland mchawi! Alimkuta Iván Rodríguez aliyesajiliwa 2004, akamkuta Magglio Ordóñez wa 2005, wakamwongezea Kenny Rogers, na dogo Justin Verlander akawa ndiyo kwanza amekomaa. Bonderman na Maroth nao walikuwa wameshapigwa na jua la kutosha. Trammell alifagia ukumbi, wengine wakaja kucheza ngoma.

Trammell kaingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji, 2018, baada ya waandishi kumnyima kura miaka 15 na kamati kumwokoa. Sisemi ule msimu ndio uliomchelewesha. Ila haukumsaidia.

Najua kuna mtu tayari anaandika "Zidane" na "Guardiola" huko chini. Kaka, Zidane alianzia Castilla, timu ya pili ya Real Madrid. Guardiola alianzia Barcelona B, daraja la nne. Wewe mwenye mfano wa Ulaya mbona humtaji Pirlo? Juventus walimpa timu 2020 akiwa hajasimamia hata mechi moja, mwaka uliofuata yuko nje na ubingwa wa miaka tisa mfululizo umekatika.

Na hata hiyo njia ya kuanzia chini, kwenye besiboli wakubwa wenyewe hawaiheshimu. Marehemu Ryne Sandberg, gwiji wa Chicago Cubs, alishaingia Hall of Fame mwaka 2005. Angeweza kukaa nyumbani asaini mipira ya watu. Akaenda Peoria mwaka 2007, timu ya Cubs ya ligi za chini, mabasi ya usiku na hoteli za barabarani. Akapanda Tennessee, akapanda Iowa, 2010 akachaguliwa meneja bora wa ligi yake. Mwaka huohuo Lou Piniella, meneja wa Cubs, akaacha kazi. Kila mtu akajua sasa ni zamu ya Sandberg. Wakampa Mike Quade! Quade akamaliza 2011 na 71–91, akafukuzwa. Sandberg alipopata timu hatimaye ilikuwa Phillies ya 2013, mastaa wamezeeka na mikataba imeibana klabu, na Juni 2015 akajiuzulu akiwa na 26–48. Yaani aliyesomea kazi ananyimwa timu ya nyumbani, halafu anapewa iliyokwisha.

Mnaonishangaza zaidi ni ninyi mnaodhani kazi ya meneja ni kupiga makofi benchini. Raundi ya saba kati ya tisa, mrushaji wako amechoka, mpigaji wa mkono wa kushoto anakuja watatu baadaye. Mrushaji wa akiba anahitaji dakika za kupasha mwili, kwa hiyo simu unaipiga sasa, kabla hujajua kama utamhitaji. Tangu 2020 akiingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize raundi, kwa hiyo ukikosea huwezi kumtoa haraka. Na ukimtumia leo, kesho hayupo, na keshokutwa kuna mechi nyingine, na kila mechi waandishi wanakuuliza kabla na baada. Hayo ukayafanye mara 162. Homurani 511 zinasaidia wapi hapo?

Sparky Anderson, meneja aliyewapa ubingwa wa 1984, alicheza ligi kuu msimu mmoja tu, 1959, wastani wa kupiga .218, yaani mdogo. Hinch mwenyewe alipiga .219 maishani mwake. Hinch ana doa lake la Houston, pale timu yake ilipoiba ishara za wapinzani naye akafungiwa, silisahau na silitetei. Lakini ametupeleka mtoano 2024, mara ya kwanza tangu 2014, akarudia 2025. Huyo ndiye mnataka aondoke?

Haya, tufanye hivi. Anayetaka Cabrera awe meneja, aandike hapa chini kwamba anaunga mkono aanzie Lakeland, daraja A, msimu mzima, halafu West Michigan, halafu Erie, halafu Toledo, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Mshahara wa huko, mabasi ya huko. Akifika Toledo na bado anaitaka kazi, mimi mwenyewe nitafungua uzi wa kumpigia debe.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule mwingine wa Cabrera. Ule ni wa kumsifia, na sifa zake hata mimi nimo.