Hivi kuitamani mbinguni ni kukimbia maisha?

Imani_tu:
Bwana asifiwe wapendwa. Miezi hii namuuguza mama, usiku naamka kumgeuza, na kila nikiomba najikuta naitamani mbinguni kuliko kitu chochote, ile Ufunuo 21:4 ya machozi kufutwa naisoma mpaka nalia. Sasa mpendwa mmoja kanisani kaniambia eti nakimbia maisha, Mkristo apambane kwanza na ya hapa duniani. Ni kweli jamani?

Msafiri:
Hapana dada, mi siamini hivyo. Cheki Paulo Wafilipi 1, yuko kifungoni, anasema wazi anatamani kuondoka akae na Kristo maana ni bora zaidi, halafu hapohapo anasema abaki kwa ajili ya hao Wafilipi kwa sababu wanamhitaji. Yaani ile hamu haikumfanya awachoke watu. Na Wakolosai 3 inayoanza na kuyafikiri yaliyo juu, we isome mpaka mwisho uone inashukia wapi: waume wasiwe na uchungu na wake zao, baba wasiwachokoze watoto, mtumwa afanye kazi kwa moyo. Mambo ya nyumbani kabisa! Kumgeuza mama usiku kumo humohumo.

Mama_wawili:
Sisi ndugu tuligombania kiwanja cha urithi miaka mitatu, hata salamu hakuna. Kilichonivunja ni Waebrania 10:34, watu wamenyang'anywa mali na wamepokea kwa furaha maana walijua wanayo iliyo bora na haiishi, nikajiuliza mi nimeng'ang'ania nini kama kweli nina kwetu kwa Baba? Nikakiachia. Sasa hivi tunapigiana simu.

Mzee_wa_zamu:
Binti, wenzako wamesema vizuri, ila nikuulize kama mzazi, hiyo ni hamu ya kumwona Yesu au umechoka tu? Maana nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19, Mungu hakumkemea, alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Kama umechoka sema, tafuta wa kukushikia zamu hata usiku mmoja.

Imani_tu:
Vyote viwili baba, ndo ukweli. Asanteni sana. Nimempigia mdogo wangu, anakuja Ijumaa. Na jana mama mwenyewe kaniomba nimsomee tena ile ya machozi.