Kukarabati, kubomoa au mchoro wa "tuzo"? Madarasa ya shule ya msingi, naomba ushauri

Mjumbe_Temeke: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Temeke. Watu waliosoma hapo zamani wamechanga hela, na Jumamosi kamati inakaa kuamua. Mezani kuna njia tatu. Kukarabati jengo la zamani. Kulibomoa na kujenga kwa ramani ya TAMISEMI kama wenzetu wote. Au kufuata mchoro wa kijana mmoja msanifu, zao la shule yetu, ambaye hataki malipo hata senti. Ameuiga kwa Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso: kuta za tofali za udongo na saruji, bati limenyanyuliwa juu ya dari, hewa inapita katikati. Anasema majengo ya aina hiyo yameshinda tuzo kubwa duniani. Ipi bora? Nawasilisha.

FundiMbagala: Mleta uzi, tukushauri hewani? Bajeti kiasi gani? Madarasa mangapi? Jengo la mwaka gani, na nyufa zimeishia kwenye plasta au zimeshuka mpaka msingini? Kiwanja ni mchanga au mfinyanzi?

Mwl_Zuhura: Ongeza na hili: watoto wangapi darasani?

DogoWaArdhi: Wakati tunamsubiri, niweke sawa habari ya tuzo. Shule ya msingi aliyoijenga Kéré kijijini kwao Gando ilikamilika 2001 na ikapata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan 2004. Kéré mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hawakumpa kwa sababu ya urembo. Alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipoanza kuchangisha hela za kijijini kwao, na waliojenga ni wanakijiji wenyewe. Kenchi zake ni nondo za kawaida zilizochomelewa palepale, hakuna winchi wala nini. Bati linapokea jua peke yake, joto linatokea kwenye lile pengo kabla halijamfikia mtoto. Sasa njoo Dar mwezi wa pili, ingia darasa lolote lenye bati moja bila dari saa saba mchana, halafu uniambie kipi ni anasa.

MamaKayumba: Mdogo wangu, maelezo yako mazuri, lakini nenda kawaambie wazazi wa Temeke kwamba mnawajengea watoto wao shule ya udongo. Mkutano utavunjika. Watu wamekimbia nyumba za udongo kijijini, leo uwarudishie mjini?

DogoWaArdhi: Mama, ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo ukashindiliwa kwa mashine. Gando nako walianza kwa mashaka hayohayo. Tofauti ni kwamba Dar sehemu kubwa ni mchanga, kwa hiyo udongo mwekundu itabidi uletwe kwa lori, na hapo ile bei nafuu inaanza kupungua. Nakiri hilo.

Mwl_Zuhura: Niwasimulie ya kwetu, shule siitaji. Miaka kadhaa nyuma tulijengewa madarasa mawili ya mtindo huohuo. Bati juu, pengo, halafu ukuta mzima wa upande mmoja tofali za matundu badala ya madirisha. Siku ya ufunguzi kila mgeni alipiga picha. Kiangazi chote tulifurahi, hewa safi, mchana hakuna mtoto anayesinzia. Ikaja masika. Ule ukuta wa matundu walikuwa wameuelekeza kusini, na mvua ya masika inakuja na kusi. Maji yakaingia mpaka safu ya tatu ya madawati. Madaftari yameloa, ubao umelowa, watoto wamebanana upande mmoja kama dagaa. Tukaomba pazia la turubai, halikuja. Tukaziba kwa mbao laini, zikavimba zikaanguka. Mwisho mwalimu mkuu akaita fundi, akaziba matundu yote kwa saruji. Na lile pengo la juu? Kunguru walihamia. Wanajenga viota kwa waya na matambara, na wakianza kelele zao asubuhi huwezi kufundisha imla. Kinyesi kinadondokea darasani kwenye mianya ya dari. Msanifu tulipompigia alisema wavu ulikuwepo kwenye mchoro. Kwenye jengo haukuwepo.

DogoWaArdhi: Pole mwalimu. Lakini hapo kosa ni la aliyesimamia. Ukuta wa matundu bila upenu mrefu hauna kinga. Gando bati limetokeza mbali nje ya kuta kwa sababu hiyo.

Mwl_Zuhura: Kosa la nani sijui. Madaftari yaliyoloa yalikuwa ya darasa langu.

Kijiwe_Ilala: Mimi tuzo hazinitishi. Ile shule ya kuelea ya Makoko, Lagos, dunia nzima iliisifia. Juni 2016 mvua na upepo vikaiangusha, na siku chache tu nyuma nakala yake ilikuwa imepata tuzo ya Simba wa Fedha kwenye maonyesho ya usanifu kule Venice!

DogoWaArdhi: Ile ilikuwa ya majaribio, na ilipoanguka haikuwa na watoto ndani. Mbona husemi shule ya Arcadia, Bangladesh, iliyopata Aga Khan 2019? Imejengwa kwa mianzi, mto ukijaa inaelea, maji yakipungua inakaa chini.

Kijiwe_Ilala: Basi wapelekee bonde la Jangwani kwenye mafuriko ikaelee.

Mzee_Kurasini: Vijana, mnaruka mbali. Mimi nimestaafu kwenye majenzi. Wasanifu Lacaton na Vassal wa Ufaransa walipewa Pritzker 2021 wakishikilia kwamba jengo lililosimama lisibomolewe, liongezwe na kuboreshwa. Na sisi tulikuwa na msanifu wetu Beda Amuli, aliyechora soko la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, miaka ya 70. Mimi ningekarabati: nyanyua paa, weka dari, madirisha yawe pande za kusi na kaskazi, upenu mrefu.

Mjumbe_Temeke: Samahani wakuu, umeme ulikatika. Hela ni milioni 48. Jengo lina madarasa matatu, la miaka ya 70. Nyufa zipo, moja naingiza kidole. Watoto kama 110 kila darasa.

FundiMbagala: Kidole?! Mzee Kurasini, rudi hapa. Hapo mhandisi wa halmashauri aje kwanza, msipige hata plasta. Na hesabu: yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO ya 2021 yalitengewa milioni 20 kila moja, na bei za vifaa za leo si za wakati ule. Matatu mapya kwa milioni 48 hayatoki. Mawili mtajikaza.

Mzee_Kurasini: Ufa wa kidole karibu na dirisha ni kitu kimoja, wa pembeni unaoshuka hadi chini ni kingine. Apige picha.

MamaKayumba: Watoto 110 na kiwango ni 45, halafu mnabishania dari. Vyoo je? Wasichana 20 tundu moja, wavulana 25. Mleta uzi, mna matundu mangapi?

Mjumbe_Temeke: Kwa kweli vyoo havikuwa kwenye ajenda.

MamaKayumba: Nilijua.

Kijiwe_Ilala: Na zabuni anapata nani? Au ni fosi akaunti, yaani kamati inajenga yenyewe bila mkandarasi, mwenyekiti na shemeji yake?

Mjumbe_Temeke: Mkuu, hayo tusifike huko.

Bonge_Mbezi: Mwl Zuhura, hao kunguru mliwatoaje? Nina bati la namna hiyo nyumbani.

Mwl_Zuhura: Hatukuwatoa.

FundiMbagala: Wavu wa chuma uwekwe kabla ya kupaua, uchomelewe kwenye kenchi. Ukifunga kwa waya wanaunyofoa.

Kijiwe_Ilala: Kunguru ndio wasiwasi wenu? Huku kwetu wavu haumalizi wiki, uko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Bonge_Mbezi: Wa plastiki je?