Ukoo wa Babu Elia, Maji ya Chai

*Mama Glory, 06:12*
Wapendwa, majibu ya maji ya kisima yametoka. Floraidi miligramu 6 kwa lita. Mwisho ni 1.5. Nimesema SITA.

*Mama Glory, 06:14*
Kila nyumba elfu 90, tununue simtanki na mifereji ya bati kabla ya masika. Maji ya mvua hayana shida hiyo.

*Mama Glory, 07:40*
Naona tiki za bluu tu.

*Godi, 08:02*
Shikamoo shangazi. Si tuchemshe?

*Mama Glory, 08:03*
Marahaba. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kidudu, imetoka kwenye miamba ya Mlima Meru. Maji yakikauka sufuriani yenyewe inabaki, inazidi.

*Baba Junior, 08:20*
Kijiji kinaitwa Maji ya Chai, ulitegemea maziwa? 😂

*Godi, 08:21*
😂😂 na sukari

*Anna Michigan, 08:55*
Shikamooni. Huku Grand Rapids wanaitia majini kwa makusudi tangu 1945, meno yasitoboke.

*Godi, 08:56*
Kumbe sisi tunapewa bure! Tuwauzie

*Anna Michigan, 08:59*
Wanalenga 0.7 tu Godi. Kidogo inakaza meno. Ikizidi, inayaharibu meno ya ukubwani yakiwa bado ndani ya ufizi. Mtoto akishaota ya kahawia hayarudi.

*Godi, 09:00*
Kwa hiyo nisipige mswaki

*Mama Glory, 09:01*
Piga! Dawa ya meno yenye floraidi unaitema, maji unayameza. Na magadi kwenye makande tuache, nayo inayo.

*Shangazi Eli, 09:30*
Makande bila magadi utapika kwa kuni za nani?

*Mama Glory, 09:33*
Loweka usiku dada. Au basi tuchuje kwa mkaa wa mifupa, kama wanavyofanya kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto.

*Godi, 09:34*
Mifupa ya ng'ombe? Nachangia kula nyama

*Baba Junior, 09:35*
Mimi mbavu

*Shangazi Eli, 09:50*
Mnacheka. Bomba la 2019 tulichanga wote, likaishia uani kwa mtu. Sitaji.

*Baba Junior, 09:51*
Taja.

*Mama Glory, 09:52*
Jamani tusirudi huko. Watoto wanne wako chini ya miaka 8 kwenye ua huu.

*Babu Elia, 11:17*
Ni Babu, anaandika Junior. Bibi yenu siku ya harusi alifunika mdomo kwa kitenge. Nikadhani ni haya za bibi harusi. Miaka 51 tuko pamoja, bado anafunika akicheka. Jumapili nimemwona Glory anaimba kwaya amefunika mdomo. Changeni.

*Shangazi Eli, 11:40*
Sawa Baba.

*Godi, 11:41*
Sawa Babu. Samahani.

*Mama Glory, 13:05*
Waliotuma:
1. Mama Glory 90
2. Godi 20 (atamalizia)
3. Anna 180, Mungu akubariki

*Baba Junior, 19:26*
Nimetuma 90. Tanki likae kwangu, bati langu ndilo pana.

*Shangazi Eli, 19:27*
Ehee.

*Mama Glory, 19:30*
Tutaongea Jumamosi saa nne, kwa Babu. Kila nyumba mtu mmoja.

*Godi, 21:48*
Jumamosi niko Moshi

*Shangazi Eli, 21:50*
Yangu nitaleta nikishaona lilipowekwa.